Kalenda Sita za Nyumba ya Mzee Shigela

Shemeji yangu Nkwabi alisema nitakufa mpangaji. Alilisema hilo mbele ya watu, siku ya mahari ya binti yake, paja la kuku mkononi. "Masunga huyu kawajengea watu maghorofa Dar es Salaam miaka yote ile, karudi Bariadi na begi na cheti. Atakufa mpangaji." Watu wakacheka. Jirani yake akaongeza kwamba mtu mwenye stashahada hawezi kuuvumilia mji wetu, nitaondoka kabla pamba haijavunwa. Na wa tatu, ambaye sitamtaja kwa kuwa siku hizi tunasalimiana vizuri, alisema Simiyu nzima hakuna mwenye akili timamu atakayenikopesha hata debe la mtama.

Vijana, wote watatu walikosea. Leo nina vyumba vinne vya kupangisha hapa Bariadi, nimevijenga mwenyewe kuanzia msingi, na kila mlango unafungwa kwa kidole kimoja. Ukija nyumbani nitakuonyesha. Stashahada yangu ya ujenzi iko ukutani sebuleni, na fremu yake niliipiga randa mimi. Na kuhusu mikopo, nilikopeshwa na watatu, mmoja wao Nkwabi huyo huyo.

Lakini sitaki kuwaandikia habari za vyumba vyangu. Nataka kuwaandikia habari ya nyumba ambayo sikuinunua. Niliikataa siku ya kuandikishana, mashahidi wamekaa, soda zimefunguliwa, na hadi leo najivunia kukataa kule kuliko jengo lolote nililowahi kusimamisha.

Kwanza ni lazima mjue udongo wetu. Ninyi mliozaliwa hapa mnauona kila siku na hamuuoni. Ule mweusi wa mbuga, unaoshika buti wakati wa mvua mpaka mtu anatembea na kilo mbili kila mguu, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Unalisha pamba na mpunga vizuri sana. Nyumba hauipendi. Ukinywa maji unavimba na kuinua msingi, ukikauka unasinyaa na kuuachia, na kila mwaka unarudia kazi hiyo hiyo bila kuchoka.

Mimi niliujua udongo huo kwa aibu. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza chuo, wino wa stashahada haujakauka, nikapewa kazi Nassa, kumjengea mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa ghala lake. Jina lake Mama Kabula. Mafundi wa pale waliniambia tuchimbe msingi mpaka tuupite ule weusi. Nikawaambia kipimo cha kitabu kinatosha. Ghala likaisha, zuri, limepakwa chokaa, nikapiga nalo picha. Mvua za kwanza hazijaisha, ukuta wa nyuma ukapasuka kutoka juu hadi chini, na dagaa wa Mama Kabula wakaanza kuvamiwa na paka wa Nassa nzima kupitia ufa wangu.

Hakunitukana. Alinitumia nauli na ujumbe mfupi: "Njoo ulishone." Nilikwenda nikakaa majuma matatu, nikabomoa, nikachimba mpaka nikakuta udongo mgumu, nikajenga upya kwa gharama yangu mwenyewe. Ghala hilo lipo mpaka leo. Mnaopita Nassa mnaweza kuliona, mabati yake yamebadilishwa lakini ukuta ni ule wangu wa pili.

Mwalimu wangu wa kweli nilimkuta baadaye Dar es Salaam. Mzee Mushi, msimamizi wetu, hakuwahi kukanyaga chuo, na alikuwa akiniita "Wewe wa Stashahada" kama vile hilo ndilo jina langu la ubatizo. Siku moja tulipelekwa kukagua jengo la zamani ambalo bosi alitaka kulinunua. Mimi nikaanza na kuta, nikazigonga, nikazipapasa, nikaandika. Mzee Mushi akavuta kiti akakaa.

"Umemaliza?"

"Kuta ni nzima, mzee."

"Kuta zimepakwa rangi mwezi uliopita. Hata mimi ukinipaka rangi naweza kuonekana kijana. Nionyeshe milango."

Akanifundisha. Mlango ulipotengenezwa ulikuwa na pembe nne sawasawa. Nyumba ikiinama, fremu inainama nayo, mlango unakwama, na mwenye nyumba anaita seremala aukwangue. Rangi itaficha ufa, lakini kipande cha mbao kilichokwanguliwa hakirudi. Pima urefu wa ubao wa mlango upande wa bawaba, halafu upande wa kitasa. Vikitofautiana, uliza kwa nini. Akanipa na gololi ya kioo, ya watoto kuchezea. "Iweke sakafuni. Ikienda yenyewe, ifuate. Inakwenda kwenye ugonjwa."

Siku hizi mnapimia simu. Mnaiweka juu ya ukuta, inawaambia nyuzi na nukta. Sina ugomvi nayo. Sisi tulipima usawa kwa mpira uliojazwa maji, tukiuvuta watu wawili, mmoja kila kona, tukipigiana kelele "Panda! Shuka! Hapo hapo!" Mbinu zote hizo ni nzuri, mradi ukumbuke kuzitumia. Mimi nilikuwa na gololi mfukoni na sikuitumia, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Nilirudi Bariadi mji ukiwa umeshakuwa makao makuu ya mkoa. Watumishi walikuwa wanaletwa kutoka kila upande, wauguzi, walimu, wahasibu, wanashuka kwenye basi na mabegi wanauliza chumba. Mgongo wangu ulikuwa umestaafu kabla yangu, nikaona njia ni nyumba ya kupangisha. Dalali mmoja akanipeleka kwa Mzee Shigela, mkulima wa pamba aliyetaka kuuza nyumba yake ya vyumba sita ahamie shambani moja kwa moja. Ilikuwa kiangazi, baada ya mauzo ya pamba. Nyumba imepakwa rangi ya krimu, bati la rangi ya damu ya mzee, maji ndani, wapangaji vyumba vyote. Bei milioni ishirini na nne.

Nikaikagua. Nilipanda juu ya dari, nikafungua mabomba, nikahesabu kodi. Niliona kitu kimoja kikanifurahisha: kila chumba kilikuwa na kalenda kubwa ukutani, pembeni mwa dirisha. Nikamwambia dalali, "Wapangaji hawa ni watu wa mipango. Hawatachelewesha kodi." Dalali akacheka sana. Nilidhani amefurahia uchambuzi wangu.

Akiba yangu ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei. Chama chetu cha kuweka na kukopa kikanipa sehemu kubwa. Mama Kabula akanipa sehemu, mkononi, kwenye mfuko uliokuwa unanukia dagaa. Ikabaki milioni tatu ya kishika uchumba, yaani malipo ya kuishikilia nyumba, ambayo Mzee Shigela aliitaka upesi. Nikameza kiburi changu, nikaenda kwa Nkwabi.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Umekuja kuaga? Unarudi Dar?"

Nikamweleza. Aliangalia zizi lake. Kisha akasema, "Nina madume manne ya kulimia. Nitayauza mnadani nikupe. Mvua zikianza nataka madume manne yanasimama hapa. Sitaki karatasi wala hadithi. Madume."

"Kodi ya mwaka ikilipwa mbele tu, inayarudisha."

"Haya. Na siku ya kuandikishana nitakuja na koti, niwe shahidi. Nataka nione kwa macho yangu mpangaji akiwa mwenye nyumba."

Tulipokuwa tunaandika karatasi ya kishika uchumba, dalali aliniuliza kama tuweke kipengele kwamba nikighairi baada ya ukaguzi nirudishiwe. Vijana, nilichojibu nakikumbuka neno kwa neno, na nikikikumbuka nikiwa peke yangu masikio yanapata moto. Nilisema: "Mkaguzi ni mimi. Mimi nina stashahada." Basi ikaandikwa kwamba muuzaji akighairi anarudisha, mnunuzi akighairi anapoteza.

Siku mbili kabla ya kuandikishana nilikwenda kujitambulisha kwa wapangaji. Haikuwa lazima. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kusikia mtu akiniita mwenye nyumba. Chumba cha mwisho, upande wa nyuma, alikuwa anakaa Mwalimu Mwanaidi, aliyehamishwa kutoka Tanga, anapepeta mchele mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mwenye nyumba wenu mpya."

"Alhamdulillahi. Basi baba, seremala wa milango utamleta wewe, ama tutamchangia kama zamani?"

"Seremala wa nini?"

"Wa kukwangua. Mvua zikishika tu, mlango huu wagoma kufunga, nalala na kiti nimeuegemezea. Huja seremala akaukwangua. Kiangazi kikirudi, hebu tazama." Akausukuma. Juu, upande wa kitasa, kulikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. "Panya wa mtaa mzima wanijua jina."

Macho yangu yakaenda kwenye kalenda. Ilikuwa ya mwaka juzi.

"Mwalimu, mbona kalenda yako imepitwa na wakati?"

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Baba nawe! Hiyo si ya kusoma tarehe. Ni karatasi ngumu, yazuia vumbi." Akaiinua kwa ncha ya kidole. Ufa ulianzia kona ya dirisha ukapanda hadi kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, mweusi, umejaa utando wa buibui. Nikaingiza kidole. Kikaingia hadi kiungo cha pili.

Niliomba radhi vyumba vyote sita nikainua kalenda zote sita. Nyufa sita, zote zinaegemea upande mmoja. Ndipo nikakumbuka gololi. Niliiweka sakafuni kwa Mwalimu Mwanaidi, ikatulia kidogo kama inafikiri, kisha ikaanza safari, taratibu, halafu mbio, ikagonga ukuta wa nyuma. Tukaitazama wote wawili.

"Ni mchezo gani huo, baba?"

"Ni mtihani, mwanangu. Na aliyefeli ni mimi."

Kesho yake nilirudi na futi, timazi na sururu, kwa ruhusa ya Mzee Shigela. Milango sita yote ilikuwa imekwanguliwa upande wa kitasa, ule wa Mwanaidi vidole viwili vizima. Nikachimba nyuma ya nyumba, ubavuni mwa msingi. Msingi ukaishia kabla shimo halijafika magotini, na chini yake udongo mweusi tii, umepasuka vipande kama mkate uliosahaulika juani. Lilikuwa ghala la Nassa lile lile, ila kubwa zaidi na lina watu ndani.

Nisimseme vibaya Mzee Shigela. Hakuwa tapeli. Alikuja akasimama juu ya shimo langu, akasema, "Kila nyumba ya hapa ina nyufa, bwana. Unaziba, unapaka, maisha yanaendelea." Aliamini hivyo, na wengi wenu wazazi wenu wanaamini hivyo hivyo. Tumezoea nyufa mpaka tunazipangia bajeti kila kiangazi. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mbuga.

Dalali alinivuta pembeni. "Mzee Masunga, wewe fundi bwana. Nunua, ziba vizuri, paka rangi ya kisasa, muuzie mtumishi aliyetoka mbali. Hawajui udongo wetu hao. Kabla ya mvua umeshatoka."

Sitawadanganya, nililifikiria. Nilitembea mpaka stendi na kurudi nikilifikiria. Nikighairi, milioni tatu zimekwenda, na milioni tatu zile zilikuwa madume manne ya mtu, na mvua haingojei. Nkwabi angepata hadithi ya kusimulia kwenye kila mahari mpaka afe. Nikinunua, nitakuwa mwenye nyumba. Lakini nilishaona ndani ya ufa. Kama ningenunua, ningekuwa natoza kodi watu niliojua wamelala chini ya lenta iliyopasuka. Kama ningemuuzia mtu wa mbali, angekuwa mtu kama Mwanaidi. Nilipofika kwangu nilikuwa nimeshaamua, na nikishaamua mimi huwa sirudi nyuma. Hilo hata Nkwabi atawaambia.

Siku ya kuandikishana tulikusanyika ofisi ya mtaa. Nkwabi alikuja na koti lake zito, jua lote lile, jasho linamtiririka. Kwa utaratibu wa mtaa wetu, kabla ya kalamu kushikwa, mwenyekiti humuuliza mnunuzi mbele ya wote kama ameona na ameridhika.

"Ndugu Masunga, nyumba umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeridhika?"

"Hapana, mwenyekiti. Sinunui."

Mtu mmoja aliyekuwa anakunywa soda akaitoa mdomoni. Nikaeleza kwa kifupi: msingi, udongo, milango, gololi. Nikasema Mzee Shigela hana kosa, kishika uchumba ni chake kama tulivyoandika, na nikamweleza palepale la kufanya: aweke mifereji ya bati, maji yasianguke ukutani, azungushie mkanda wa zege, na chumba cha nyuma asilaze mtu mpaka lenta ifungwe upya.

Nkwabi akasimama. "Kishika uchumba ni chake? Madume yangu?"

"Madume yako ni deni langu, shemeji. Nitayarudisha."

"Utayarudisha na nini? Na stashahada? Tuifunge nira tulimie?" Watu wakaangua kicheko. "Niliwaambia! Nyumba imeuzwa, bei mmekubaliana, soda tumekunywa, mwanamume anaogopa mlango!"

Nikamwambia, "Cheka, shemeji. Ila nitayarudisha, na utayahesabu kwa mkono wako." Nikaokota futi langu nikatoka.

Kesho yake nilipanda basi la kwenda Nassa nikamrudishia Mama Kabula mfuko wake vilevile, haujafunguliwa. Nilipomsimulia, alinitazama juu ya miwani.

"Ghala langu ulilikimbilia likiwa limepasuka. Hii umeikimbia kabla. Basi umeanza kukua." Wakati huo nilikuwa na wajukuu. Akaniongezea debe la dagaa.

Chama nacho nikakirudishia mkopo pamoja na riba yake, iliyotoka kwenye akiba yangu, na ilikula karibu akiba yote. Akabaki Nkwabi.

Sasa sikilizeni jinsi fundi anavyolipa. Habari ya gololi ilienea mji mzima. Nadhani walioieneza ni wale wale waliocheka. Haikupita muda, mhasibu mmoja aliyehamia kutoka Songea akanigongea: anataka kununua nyumba, je naweza kwenda na ile gololi yangu? Nikaenda. Nikamtoza. Akafuata muuguzi, akafuata mchungaji, akafuata tajiri wa mashine ya kukoboa ambaye hakutaka ionekane ameniita, akanipitisha mlango wa uani. Nilipima milango ya Bariadi, nikapima ya Lamadi na Kiloleli. Mara nyingine nilisema nunua. Mara nyingine nilisema nunua lakini punguza bei, na nikaandika kwa nini, kwa mwandiko safi, na sahihi yangu chini. Mzee Shigela mwenyewe aliniita nimfungie lenta ya chumba cha nyuma. Mwalimu Mwanaidi akarudishiwa chumba chake, na safari hii akabandika kalenda ya mwaka huo.

Wakati nakusanya, mvua zilianza, na madume hayakuwepo zizini kwa Nkwabi. Hapo nilikuwa nimevunja neno, na sikulikwepa. Nilimkodishia trekta ikamlimia msimu ule, na msimu uliofuata tena. Yeye hakuacha. Kila tukikutana: "Nyumba uliyoikimbia ipo, shemeji. Ina wapangaji. Haijaanguka." Ni kweli, mpaka leo haijaanguka. Sikuwahi kusema itaanguka. Nilisema sitainunua, na kama ingekuwa inauzwa leo bila kutengenezwa msingi, nisingeinunua leo.

Kiangazi cha pili, baada ya msimu ule wa trekta ya mwisho, nilikwenda mnadani. Nilichagua madume mwenyewe, nikayafungua midomo kuangalia meno, nikayatembeza kuangalia kwato. Manne. Nikawalipa wachungaji wawili wayaswage nami hadi kwa Nkwabi, na mimi nikatangulia mbele nimevaa koti, jua lote lile.

Alikuwa ameketi nje. Akaona vumbi, akaona pembe, akanyanyuka.

"Hesabu," nikamwambia.

Akahesabu kwa mkono, akigusa kila mgongo. Moja, mbili, tatu, nne. Akarudi kwa la pili, akalipapasa nundu, akatafuta kasoro, akaikosa. Mke wake, dada yangu, akapiga kigelegele kutoka jikoni hata kabla hajajua ni cha nini. Wadai watatu, na hakuna aliyebaki.

"Wabeja, shemeji," akashukuru Nkwabi, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akakuna shingo. Kisha akatazama kule ndani, akatazama chini.

"Shemeji. Ule mlango wangu wa nyuma. Tangu mvua zile, haufungi vizuri."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa gololi. Nikamtajia bei yangu ya kukagua, bila punguzo, akakubali.